Pua ya Yai

Mtaani walimwita Mama Mashine, na alikuwa amechoka kulikataa jina hilo. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lenye kimo cha kabati la nguo. Mlango wake ulikuwa wa kioo, na ndani mlikuwa na balbu, feni ndogo, sinia la maji na trei za mayai zilizopangwa kama vitanda vya bweni. Ilikaa katika chumba cha nyuma, ambacho mumewe alikijenga kiwe cha wageni. Wageni walipokuja walilala sebuleni, wakasikiliza feni ikivuma mpaka asubuhi, wakaaga mapema.

Kazi yake ilikuwa kuangua mayai ya watu. Mwenye kuku alileta mayai, yeye akayaweka kwenye mashine siku ishirini na moja, kisha mwenyewe akaja na boksi kuchukua vifaranga. Asiyeijua kazi hii hudhani ni kazi ya kukaa, kwa sababu mashine ndiyo inayoatamia. Lakini mayai yanatakiwa yageuzwe asubuhi, adhuhuri, jioni na tena kabla ya kulala. Sinia la maji lisikauke. Joto lisipande wala lisishuke. Na umeme ukikatika, hapo ndipo mtu anapojua kwamba ameolewa na sanduku. Kuku anayeatamia hufanya kazi huku amelala. Mama Mashine alifanya kazi ya kuku, halafu akapika, akafua, akawaandaa watoto wawili kwenda shule, akamsikiliza mumewe, fundi bomba, akieleza mabomba ya watu yalivyopasuka siku hiyo.

Uchovu wake haukuwa ule unaoisha ukijinyoosha kitandani. Ulikuwa umehamia machoni na mabegani kama mpangaji asiyetaka kuondoka. Akiulizwa hali alijibu, "Napumua tu." Watu walicheka wakidhani anatania.

Hata hivyo kazi aliijua. Ujanani aliajiriwa kuchambua mayai katika shamba kubwa la kuku, na huko msimamizi mmoja mkali aliwafundisha wafanyakazi jambo ambalo wengi walilisahau kabla hawajafika getini. Yai si jiwe, aliwaambia. Ganda lake lina vitundu vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona, na hapo ndipo hewa safi inapoingia na hewa iliyotumika inapotoka, pamoja na unyevu kidogo. Kifaranga aliye ndani bado hawezi kutumia mapafu. Amezungukwa na utando wenye mishipa ya damu, uliotandazwa chini ya ganda, na utando huo ndio unaopokea hewa na kuitoa kwa niaba yake. Siku za mwisho hutoboa kifuko cha hewa kilichoko upande butu wa yai, akavuta pumzi ya kwanza kwa mapafu yake mwenyewe, na ukisogeza sikio unaweza kumsikia akilia humo ndani kabla hajaiona dunia.

Mama Mashine hakulisahau somo hilo. Mashine yake ilikuwa na matundu ya hewa juu na chini, na hakuna aliyeruhusiwa kuyaziba hata siku za baridi kali. Alimkataza mumewe kupaka rangi chumba kile, kikabaki na kuta za saruji tupu, na hakuruhusu jiko liwashwe karibu na dirisha lake. Mumewe alilalamika kwamba katika nyumba hiyo mayai yanaheshimiwa kuliko baba mwenye nyumba.

"Wewe ukikosa hewa unatoka nje," mkewe alimjibu. "Yenyewe hayana miguu."

Mama mkwe aliitwa na mwanawe aje kumpunguzia mkwewe kazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mgongo ulionyooka, aliyeuza mayai sokoni zaidi ya nusu ya maisha yake, na fahari yake kubwa ilikuwa kwamba hakuna mteja aliyewahi kumrudishia yai bovu. Fahari hiyo haikuwa maneno matupu. Wachuuzi wengine walitupa mayai kila wiki. Ya kwake yalikaa yakiwa kama yametagwa jana. Siri ilikuwa mafuta ya kupikia. Alitia tone moja kiganjani, akaliviringisha yai mpaka likang'aa, akalipanga, akachukua jingine. Ganda lililopakwa mafuta haliingizi wala halitoi kitu, na kwa sababu hiyo yai la kula linachelewa kuharibika. Katika soko lake kazi hiyo waliiita kutunza mayai. Hawakuwa na jina jingine. Mchuuzi akisema, "Haya yametunzwa," wenziwe walijua yamepakwa mafuta.

Mama Mashine hakulijua hilo kwa sababu hakuwahi kumuuliza mama mkwe alivyofanya kazi yake. Mama mkwe naye hakujua mayai ya kuangua yanatakaje, kwa sababu hakuuliza. Kila mmoja alimheshimu mwenziwe kwa kunyamaza. Heshima ya namna hiyo ni uvivu uliovaa nguo nzuri, na katika nyumba nyingi ndiyo inayoleta hasara ambayo ugomvi usingeileta.

Mashine, mama mkwe hakuigusa. "Hilo sanduku linanguruma kama paka mgonjwa," alisema, na kila alipopita mlangoni alikaza mwendo. Lakini mengine yote aliyashika. Alifagia, alipika, aliwafokea watoto waoge. Kazi zikapungua kweli, ila uchovu wa mkwewe ulikuwa umechelewa kupata habari.

Asubuhi moja akaja fundi cherehani wa nyumba ya kona. Huyu walimwita Bi Pindo, kwa sababu ukimpelekea nguo yoyote, hata kama imechanika begani, alianza kwa kulilaumu pindo. Alikuwa amebeba beseni lililojaa mabaki ya vitambaa, na katikati ya vitambaa mayai yamelala kama wagonjwa.

"Mama Mashine, nimekuletea ukoo mzima," alisema. "Ndio uliobaki."

Bi Pindo alifuga kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Aliwalea miaka na miaka bila kuwachanganya, na hapo mtaani hakuna mwingine aliyekuwa nao tena. Wiki hiyo mbwa wazururaji walivunja banda. Waliua kuku wote isipokuwa tetea mmoja aliyerukia juu ya paa. Jogoo naye aliuawa.

"Kapigana yule, mpaka mlango una damu," alisema Bi Pindo. "Na mimi mwenye mali nimelala fofofo, nakoroma, najiita mfugaji." Aliweka beseni chini kwa mikono miwili. "Haya niliyakusanya kabla ya mbwa. Yakitoka, ukoo unaendelea. Yasipotoka, nimebaki na tetea mjane na maneno."

"Niachie. Jioni nayaingiza. Sasa hivi yametikisika njiani, yapumzike kwanza."

"Mayai yanapumzika?"

"Yanapumzika."

"Basi yamekushinda bahati. Hebu jitazame hayo macho, kama vifungo vilivyolegea."

Alipoondoka, Mama Mashine aliyapanga mayai yale kwenye trei, upande butu ukitazama juu, akaiweka trei mezani mbali na jua. Aliyapanga kwa uangalifu kuliko ya watu wengine. Mayai ya watu wengine yakiharibika, kuku wao watataga tena kesho. Haya hayakuwa na kesho.

Ilipofika adhuhuri alikwenda kugeuza mayai ya kwenye mashine, na trei ya juu ikamponyoka nusu. Aliidaka kwa kifua. Hakuna lililovunjika, lakini alibaki ameikumbatia, macho ameyafumba, amesimama kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Mama mkwe alimwona akiwa mlangoni.

"Mwanangu, utaanguka humo uanguliwe na wewe. Rudisha hiyo, nenda ukalale."

"Siwezi, Mama. Kuna..."

"Kuna mimi."

Mama Mashine alirudisha trei, akafunga kioo, akaegemea ukuta. Alitaka kubisha akakosa maneno ya kubishia. Kilichokuwa kikimsumbua ni watoto, ambao wangetoka shule wakirusha mabegi popote, na paka wa jirani aliyezoea kupita juu ya meza.

"Basi nitunzie mayai ya Bi Pindo," alisema. "Yale ya kwenye trei mezani. Nipumue kidogo tu."

"Kutunza mayai?" Uso wa mama mkwe ulichangamka. Tangu afike alikuwa amepewa ufagio na sufuria. Hii ilikuwa mara ya kwanza kupewa kazi aliyoisomea sokoni. "Hiyo si ndiyo kazi yangu? Lala, mwanangu. Lala kabisa."

Akalala kabisa.

Alipoamka jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa nyumba. Kwa kitambo kidogo alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo asiukumbuke. Akaingia chumba cha nyuma. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda akikunja kitambaa, pembeni yake kichupa cha mafuta. Juu ya meza mayai ya Bi Pindo yalikuwa yaking'aa kama vitasa vya milango ya benki.

Mama Mashine alichukua moja. Likamteleza vidoleni.

"Mama, umeyafanya nini?"

"Nimeyatunza. Moja moja, sijaruka hata moja. Haya sasa yatakaa hata mwezi."

Hakupiga kelele. Hakuwa na nguvu ya kupiga kelele, na hata kama angekuwa nayo, mwanamke aliyeketi mbele yake alikuwa amefanya sawasawa na alivyoambiwa. Alichukua kitambaa kikavu akaanza kufuta, yai la kwanza, la pili, la tatu. Kung'aa kulipungua lakini hakukutoka. Mafuta yakishaingia kwenye vitundu hayafuatwi na kitambaa, na ukiosha kwa maji unayasukuma ndani zaidi. Aliyajua hayo yote huku mkono ukiendelea kufuta.

"Mbona unayaharibu?" mama mkwe aliuliza.

"Yameshaharibika, Mama. Yamezibwa. Yai linapumua."

"Linapumua?" Mama mkwe aliweka kitambaa magotini. "Pua yake iko wapi?"

"Ganda lote ni pua."

"Mimi nimeuza mayai wewe hujazaliwa. Nimeyashika mayai kuliko nilivyoshika watoto wangu. Halijapata hata moja kunipumulia usoni." Sauti yake ilianza kutetemeka, na ilimuudhi kwamba inatetemeka. "Kama hukutaka nikusaidie ungesema. Si kunitungia hadithi za mayai yenye mafua."

Ingekuwa rahisi kuliacha jambo hapo. Mzee amekasirika, mkwe amechoka, kila mtu angeingia chumbani kwake na kubaki na haki yake. Mama Mashine alikwenda jikoni akapasha maji yakawa ya moto kiasi cha kuoga, akayamimina kwenye bakuli la kioo. Kisha akatoka uani, akachukua yai ambalo kuku wake mwenyewe alikuwa ametoka kulitaga. Kutoka kwenye kikapu cha jikoni akachukua yai la kula, mojawapo ya yale ambayo mama mkwe aliyapaka mafuta juzi, na hayo alikuwa na haki ya kuyapaka. Akayaweka yote mawili ndani ya bakuli, mbele ya kigoda.

"Tazama, Mama."

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Halafu kwenye yai la uani, upande wake butu, kikajitokeza kiputo kidogo kama kichwa cha pini. Kikafuatiwa na kingine, kisha vikawa msururu mwembamba unaopanda juu kimyakimya, kwa kuwa joto la maji lilikuwa likiisukuma nje hewa iliyokuwa ndani ya ganda. Yai la mafuta lilikaa kimya.

"Lina ufa hilo," alisema mama mkwe.

Mama Mashine alilitoa, akalikausha, akampa. Mama mkwe aliligeuza kwenye mwanga, akaligonga kwa kucha, akalisikiliza, kama alivyofanya maelfu ya mara mbele ya wateja wabishi. Halikuwa na ufa. Akalirudisha majini kwa mkono wake. Viputo vikaanza tena. Akaendelea kutazama mpaka maji yakapoa na viputo vikakoma.

"Kwa hiyo nimewaziba pua," alisema polepole.

"Sikukwambia, Mama. Nilisema nitunzie, basi. Nilitaka kulala."

"Na mimi nilitaka kusifiwa."

Mume alirudi na mkoba wake wa spana, akakuta wanawake wawili wameinamia bakuli la mayai kama waganga. Walipomweleza alicheka kabla ya kufikiri. "Basi kazi ya ukoo wetu ni moja. Mimi naziba mabomba, mama anaziba mayai!" Hakuna aliyecheka naye. Aliuona uso wa mama yake, akaweka mkoba chini, akamvuta mkewe kwenye korido.

"Yaingize tu kwenye mashine," alinong'ona. "Siku zikifika, mwambie yalikuwa viza."

"Viza."

"Si ndivyo mnavyosema? Yai lisipotoka, viza."

Hapo aligusa mahali pabaya katika kazi ya mkewe, na alijua amepagusa. Yai lisiloanguliwa huwa na sababu mbili. Ama halikuwa na mbegu tangu mwanzo, na hapo kasoro ni ya kuku wa mwenye yai. Ama lilikuwa na uhai ukazimika, na hapo kasoro mara nyingi ni ya aliyekabidhiwa. Mwenye yai hawezi kutofautisha. Anasikia neno moja tu, viza, anaguna, anakwenda kumlaumu jogoo wake. Wako waangulaji wanaoishi kwa neno hilo.

"Jogoo mwenyewe kafa," mume aliendelea. "Hawezi kujitetea."

"Kwa hiyo tumsingizie marehemu."

"Ni kuku, mama watoto! Mimi namfikiria mama yangu. Unataka asimangwe mtaa mzima? Kila akipita waseme, huyo ndiye aliyekaanga kuku wa Bi Pindo wakiwa bado kwenye ganda?"

Watu huuita uongo wa aina hiyo busara, au huruma, au kuficha aibu ya wazazi. Una majina mengi mazuri kwa sababu wenye kuuhitaji ni wengi. Na Mama Mashine aliuhitaji. Alikuwa amechoka kiasi kwamba uongo ule aliuona kama kitanda kilichotandikwa: siku ishirini na moja za kunyamaza, kisha neno moja fupi. Asingehitaji kuvaa viatu. Asingehitaji kusimama mlangoni kwa mtu. Angerudi kulala jioni ileile.

Lakini lilikuwapo jambo ambalo mumewe hakulijua. Mbegu ya jogoo haiishi siku anayokufa. Tetea huihifadhi mwilini, na kwa siku kadhaa mayai anayotaga bado yanaweza kuwa na uhai. Tetea wa Bi Pindo alikuwa bado anataga. Bi Pindo, akiamini kwamba bila jogoo mayai hayana maana, bila shaka alikuwa anayachemsha na kuyala. Kila siku iliyopita mbegu ilikuwa inaisha. Anayesubiri siku ishirini na moja ili aseme viza, siku hiyo hatakuwa amebakiwa na yai hata moja la kuokoa.

Akamweleza mumewe, palepale koridoni.

Mume alikuna kidevu. "Na kama tetea naye angekufa? Usingekuwa na cha kuokoa. Ungekwenda?"

"Ningekwenda," alisema, ingawa kwa uchovu aliokuwa nao hakuwa na hakika.

"Tutakwenda wawili." Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani na kuvaa viatu vyake vya kutokea. "Wewe fundi bomba, nani alikuambia mimi naogopa kusimangwa? Nimesimangwa sokoni na watu wenye midomo ya kulipia kodi. Mayai nimeyapaka mimi. Kaa hapa na spana zako."

"Mama, nilikuwa nakulinda."

"Ungenilinda kwa kumwambia mkeo apumzike kabla hajaanguka. Hilo hukuliona. Umeona uongo."

Bi Pindo alikuwa kwenye cherehani, mguu unapiga pedali, sare ya mtoto wa mtu iko chini ya sindano. Tetea aliyebaki alikuwa amefungwa kamba mguuni kwenye mguu wa meza, karibu naye, maana banda halikuwa na mlango bado. Walipiga hodi, wakakaribishwa, wakaonyeshwa benchi. Mama mkwe hakukaa.

"Mayai yako nimeyapaka mafuta," alisema. "Nilidhani nayatunza. Kumbe yai linapumua, na mimi nimeliziba. Sikujua. Lakini mkono ni huu."

Mguu wa Bi Pindo ulisimama. Gurudumu la cherehani likazunguka kidogo lenyewe, likanyamaza.

"Yote?"

"Yote. Sikuruka hata moja."

"Mwenzangu ungekuwa mvivu kidogo leo ungenifaa." Bi Pindo alimgeukia Mama Mashine. "Na wewe ulikuwa wapi? Nilimwachia nani, wewe au mkweo?"

"Mimi. Nilikuwa nimelala. Na nilimpa kazi bila kumweleza."

"Ulikuwa umelala." Alitamka neno hilo kama mtu anayepima kitambaa kifupi. Labda alikumbuka usiku wa mbwa, labda hakukumbuka. "Sasa mmekuja nifanye nini? Niseme si kitu? Ni kitu. Nimelia kuku wangu mara moja, mnataka nilie mara ya pili nikiwa na kazi za watu mezani?"

"Tumekuja kukuambia usile mayai ya huyu," alisema Mama Mashine, akimwonyesha tetea. Akaeleza habari ya mbegu inayobaki. Alieleza polepole kwa sababu ulimi wake ulikuwa mzito, na ilimbidi arudie.

Bi Pindo alishika kichwa. "Leo asubuhi nimechemsha moja. Jana moja. Na chumvi nikatia!" Kisha akamtazama tetea. "Yaani jogoo kafa na bado anafanya kazi. Mume wangu alikuwa mzima wa afya na hafanyi."

Mama mkwe alicheka kwa pua, akajizuia.

"Usicheke wewe," alisema Bi Pindo. "Sijakusamehe."

"Sijaomba. Nitakuwa nakuja kila siku kulichukua yai nikupelekee."

"Kwa mikono hiyo? Nitayapeleka mwenyewe."

Bi Pindo hakuwa mtu wa kuficha neno kama anavyoficha nyuzi. Kesho yake mtaa mzima ulijua. Wateja wawili walikuja kuchukua mayai yao wakayapeleka kwingine, na Mama Mashine aliwasaidia kuyapanga kwenye maboksi, akawakumbusha wayageuze. Watoto wa mtaani wakampachika mama mkwe jina la Bibi Mafuta. Aliwajibu kwamba yeyote mwenye kichwa kikavu aje ampake. Mumewe Mama Mashine alijifunza kugeuza trei za jioni. Alizigeuza kwa kunung'unika, lakini alizigeuza.

Mayai ya mafuta yaliingizwa kwenye mashine vilevile, kwa sababu Mama Mashine hakutaka kuyahukumu kabla ya kuyaona. Tetea aliendelea kutaga siku chache, kisha akaacha. Bi Pindo alileta kila yai likiwa bado na joto, amelifunga kwenye kitambaa, akasubiri mpaka aone limewekwa mahali pake.

Siku ya kumulika mayai kwa tochi ilipofika, ili kuona yapi yana uhai, Mama Mashine alishusha pazia zito, chumba kikawa giza adhuhuri. Bi Pindo alisimama bega kwa bega naye. Mama mkwe alibaki mlangoni, hakuvuka kizingiti.

Yalimulikwa kwanza ya mafuta. Tochi ilipita ndani yake kama inavyopita kwenye chupa tupu. Machache yalikuwa na duara jembamba la damu, alama ya kitu kilichoanza kikasimama. Mama Mashine hakusema viza. Alisema, "Hili lilikuwa zima," kila alipolikuta lenye duara, na Bi Pindo alitikisa kichwa. Kisha yakafuata ya tetea mjane. La kwanza lilikuwa tupu. La pili tupu. La tatu alipoliweka juu ya mwanga, mishipa myekundu ilikuwa imetawanyika chini ya ganda, myembamba kama nyuzi za kutarizia, na katikati yake doa jeusi lililotikisika.

Yaliyobaki yalikuwa matupu. Lilikuwa hilo moja.

Bi Pindo aliinama mpaka paji la uso likakaribia kugusa tochi.

"Hiyo nyekundu ndiyo inayovuta hewa?"

"Ndiyo."

"Mwite yule mama aje aone alichotaka kukiziba," alisema. Haikuwa sauti ya msamaha, lakini alisogea kando ili nafasi ipatikane.

Mama mkwe aliingia, mikono ameiweka nyuma ya mgongo, akatazama.

"Ni jogoo au tetea?" aliuliza.

"Tochi haisemi, Mama."

"Akiwa tetea je?" alisema Bi Pindo. "Mtaniambia nimpe mume gani, huyo aliyekufa?"

Mama Mashine alilirudisha yai kwenye trei, upande butu juu, akapandisha pazia. Mwanga ulimuumiza macho. Akafungua mashine na kuanza kugeuza mayai ya watu wengine, maana saa yake ilikuwa imefika.